Kupanda Dindira Kumwona Tabibu

Mgonjwa wa Dindira haulizi kwanza kama daktari yupo. Huuliza kama gari limepanda. Mvua ikinyesha usiku kucha, barabara inayotoka Korogwe kuelekea juu Usambara Magharibi huamka ikiwa utelezi mtupu, na dereva aliyekwisha kujaza abiria hushuka, huvunja kijiti, hupima kina cha tope, kisha hurudi kwenye usukani bila kusema neno. Abiria nao hawasemi. Mama mwenye mtoto wa homa hukaza khanga mgongoni, bibi hushika mfuko wake wa rambo wenye daftari na kadi, na safari inaanza.

Kwenye makaratasi ya serikali barabara hii ina jina refu: Soni–Bumbuli–Dindira–Korogwe, zaidi ya kilomita 70. Imetajwa kwenye mipango ya Wizara ya Ujenzi mwaka hadi mwaka, na wabunge wa pande hizi wameiombea lami hadi maneno yao yamezoeleka. Sehemu zake zimekwanguliwa, zimewekwa changarawe, zimejengewa makalavati. Masika yanapopita, kazi huanza upya. Anayetaka kujua hali ya huduma za afya mlimani aanze na barabara, ndipo aje kwenye dawa.

Mimi safari hii nilitokea Handeni. Kati ya mji huo na Korogwe kuna lami ya kilomita 65, laini, iliyonyooka, na mtu mwenye haraka huimaliza kwa saa moja. Handeni ni nchi ya Wazigua: tambarare, mahindi, vichaka, mifugo, na jua lisilo na huruma. Huko adui wa mgonjwa ni umbali. Hospitali ya Mtakatifu Francis ya Kwamkono, iliyoasisiwa na Waanglikana, imepokea kwa miongo mingi watu waliotoka mbali, wakiwamo watoto waliolemazwa na polio. Mlimani Dindira mambo ni kinyume. Kituo unaweza kukiona kwa macho, bati lake linang'aa ng'ambo ya korongo, lakini kukifikia ni kushuka hadi mtoni na kupanda tena, na magoti ya mzee wa miaka sabini hayapimi kilomita.

Korogwe ni mji wa njia. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga iliufikia mwaka 1902, barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha inaukata, na Mto Pangani unapita pembeni. Wasafiri wengi wanaujua kwa kupitia dirisha la basi, pamoja na machungwa yanayopandishwa hapo juu kwenye vikapu. Wachache wanajua kwamba huu ni mji ulioisaidia dunia kupata chanjo ya malaria. Mwaka 2008 yalitangazwa matokeo ya jaribio la chanjo ya RTS,S kwa watoto 894 wenye umri wa miezi 5 hadi 17. Walitoka sehemu mbili tu: Kilifi, Kenya, na Korogwe. Chanjo ilipunguza malaria kwa takriban nusu. Kituo cha Korogwe cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kiliingia tena katika jaribio kubwa lililofuata, vituo 11 katika nchi 7 za Afrika, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wa maeneo yenye malaria. Wanasayansi walipata sifa zao, na walistahili. Kina mama wa Korogwe waliokubali watoto wao wachomwe sindano na kutolewa damu mara kwa mara hawajapata hata jiwe la kumbukumbu pale stendi.

Kutoka hapo mlima unaanza ghafla. Mji uko mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari. Mashamba ya chai ya ukingo huu, Ambangulu na Dindira yenyewe, yako juu ya mita 1,000. Katani inabaki bondeni. Migomba inaanza, halafu mikarafuu na miparachichi kandokando ya nyumba, halafu chai, kijani kimoja kilichokatwa sawa kufuata mgongo wa kilima. Ubaridi unaingia garini kupitia kioo kisichofunga. Abiria aliyepanda na fulana Korogwe anaomba kuazimwa kitenge.

Mashamba haya ya chai yaliacha alama kwenye tiba. Enzi zake, kibarua alipata dawa kwa sababu alikuwa kibarua: zahanati ilikuwa ya shamba, na mkulima wa jirani asiye na kazi pale alitembea hadi misheni. Misheni nazo zilikuwapo, maana Walutheri kutoka Bethel, Ujerumani, walijikita Usambara mapema, na hospitali yao ya Bumbuli ingali upande wa pili wa barabara hii hii. Serikali ya kijiji ilikuja kuwa na zahanati yake baadaye sana. Hata leo mzee wa huku akieleza njia husema zahanati ya shamba, ya kanisa, ya serikali, na kila moja ina kumbukumbu yake.

Zahanati nilikoketi siitaji jina. Watu waliokuwa kwenye benchi walikuja kutibiwa, hawakuja kuandikwa. Ni jengo kama majengo mengi ya aina hiyo Tanzania: kibaraza kirefu, milango minne au mitano, mabango ya chanjo yaliyopauka, tanki la maji ya mvua pembeni, choo nyuma. Saa za serikali zinaanza 1:30 asubuhi. Saa 1:00 benchi lilikuwa limejaa.

Foleni ya mlimani ina adabu zake. Bango ukutani linaagiza kwamba mzee apishwe kwanza, lakini bango halihitajiki. Bibi anapofika, vijana husimama wenyewe. Shikamoo bibi, marahaba wanangu, mmeamkaje, na kisha habari za shamba, za mvua, za msiba wa juzi, moja moja, hadi kila mtu ameulizwa. Mgeni wa mjini anaweza kudhani muda unapotea. Kumbe benchi linafanya kazi yake. Kabla muuguzi hajatoka, kila mtu pale amekwisha kujua nani ana homa kali, nani amekuja kuchukua dawa tu, na nani amesema tumbo ilhali shida yake ni ya nyumbani. Mtoto aliyelegea mikononi mwa mama yake alipitishwa mbele bila mjadala. Hakuna aliyegawa namba.

Mkononi kila mmoja ana daftari. Si kadi ya plastiki, si faili. Ni daftari la shule la kurasa 40, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, lililofunikwa gazeti ili lisiloane. Ndani yake, kwa kalamu tofauti na miandiko tofauti, mna historia nzima ya mtu: homa ya mwaka juzi, kipimo hakikuona vimelea, amepewa dawa ya maumivu, kikohozi wiki mbili, apimwe makohozi, presha 170 kwa 100, aje baada ya wiki. Daftari likijaa linanunuliwa jingine dukani kwa mia chache, na la zamani huingia kwenye sanduku pamoja na vyeti vya ubatizo na risiti za chai. Serikali ina mfumo wake wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, GoTHOMIS, unaotumika kwenye hospitali na vituo vingi vya umma. Ni mfumo mzuri pale penye umeme, mtandao na mtu wa kuingiza taarifa. Lakini nimewaona madaktari wa hospitali kubwa mjini wakimwomba mgonjwa wa kijijini daftari lake, wakalifunua, wakanyamaza, wakasoma. Hilo ndilo faili lililopanda gari pamoja na mgonjwa.

Wajawazito na watoto wana kadi zao za kliniki, na hizi zinatunzwa kuliko pesa. Siku ya kliniki kibaraza hubadilika sauti. Mizani ya kuning'iniza inafungwa kwenye boriti, watoto wanatiwa kwenye vikaptula vya turubai na kupiga kelele wakibembea, na muuguzi anasoma kilo kwa sauti ili mama wa pili aandae wake. Chanjo ya matone na ile ya sindano ya paja hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ya surua na rubela miezi 9 na 18. Friji ya chanjo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Ubaridi wa Dindira hautoshi kwa hilo, ingawa mgeni anayetetemeka kibarazani angeapa kwamba unatosha.

Aliyekuwa ndani ya chumba cha kwanza wote walimwita daktari. Kwa cheti ni ofisa tabibu: stashahada ya miaka mitatu baada ya sekondari, tofauti na udaktari wa chuo kikuu unaochukua miaka mitano na mwaka mmoja wa mazoezi. Kada yake ndiyo iliyobeba vijiji vya nchi hii. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Nchi yenye madaktari 12 haikuweza kungoja wa elfu moja wahitimu. Ilifundisha waganga wasaidizi, matabibu, wauguzi wakunga, ikawatuma vijijini, na mwaka 1973 ikaongeza kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambayo vikundi vyake vya kusikiliza viliwafikia watu wapatao milioni mbili na kuwaacha wengi wao wakiwa wamechimba vyoo. Leo kijana huyu wa miaka thelathini na kitu, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi na viatu vya mpira vyenye tope hadi kisiginoni, ndiye daktari wa familia wa kata hii kwa maana yoyote yenye uzito. Amemzalisha mama, amemchanja mtoto, anamtibu bibi presha, na anajua kwamba baba wa nyumba hiyo anakunywa.

Uingereza, tangu huduma ya taifa ya afya ilipoanza Julai 5, 1948, kila mtu hujiandikisha kwa daktari wake wa karibu na faili lake humfuata akihama. Dindira hakuna kujiandikisha. Familia inakaa palepale vizazi na vizazi. Anayehama ni tabibu.

Chumbani mwake kulikuwa na kitanda, meza, mashine ya presha, kipima joto na boksi la vipimo vya haraka vya malaria. Mtoto wa homa alidungwa kidole, tone likawekwa, dakika kumi na tano zikahesabiwa. Mstari mmoja: hakuna malaria. Mama alionekana kutoridhika. Kizazi cha mama yake kilijua kwamba homa ni malaria na malaria ni sindano, na wataalamu nao walifikiri hivyo kwa muda mrefu. Mwaka 2004 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, eneo hili hili: kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, waliokuwa kweli na vimelea hawakufika nusu. Wengine waliumwa kitu kingine, na baadhi walikufa nacho huku wakipewa dawa ya malaria. Mlimani kosa hilo lilikuwa rahisi zaidi kufanyika, kwa kuwa baridi hupunguza malaria kadiri unavyopanda; watafiti waliopima damu katika vijiji vya Tanga kutoka bondeni hadi juu ya Usambara walionyesha hivyo waziwazi. Tabibu alimvua mtoto fulana, akahesabu pumzi kwa kutazama saa yake, akasikiliza kifua, na kusema ni kichomi. Dawa ilikuwapo. Akamweleza mama namna ya kuikoroga kwa maji yaliyochemka, akamwambia arudie maelezo, mama akarudia, akamrekebisha penye kijiko. Kazi hiyo haikuchukua muda mrefu, na sioni hospitali ya rufaa ingeongeza nini.

Kwa bibi wa presha mambo yalikuwa mengine. Mwongozo wa taifa wa matibabu hupanga dawa kwa herufi: A ni ya zahanati, B kituo cha afya, C hospitali ya wilaya, D hospitali ya mkoa, S ya mabingwa. Ni mpango wenye busara, kwa sababu dawa kali mikononi mwa asiyefunzwa ni hatari. Lakini magonjwa yamebadilika kuliko majengo. Zahanati ilijengwa kwa ajili ya homa, kuhara, uzazi na chanjo. Bibi anakuja na presha na sukari, maradhi ya kila mwezi hadi kufa. Dawa anayotumia, aliyoandikiwa hospitali mjini, haikuwa kwenye rafu. Tabibu alimpima, akaandika kwenye daftari, akamwambia ashuke Korogwe. Bibi aliuliza kama ni lazima. Tabibu akasema ni lazima, bibi yangu, ukiacha hizi dawa utaanguka. Bibi akahesabu kwa vidole: nauli ya kushuka, nauli ya kupanda, chakula cha mjukuu wa kumsindikiza, dawa yenyewe ikikosekana hata kwenye dirisha la hospitali. Hakutaja jumla. Akafunga daftari, akasema atashuka chai ikilipwa.

Kisera bibi huyo hadaiwi kitu. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inawasamehe wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano nao wamesamehewa. Tatizo ni kwamba msamaha unahusu huduma iliyopo. Dawa ikiisha dirishani, mgonjwa huandikiwa karatasi aende duka la dawa muhimu, mpango wa maduka ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchi nzima, na muuza duka hana bango la mzee apishwe. Hapo anayesamehewa na asiyesamehewa wanalipa bei moja.

Pesa za tiba zimepita njia nyingi Tanzania. Mwaka 1977 sheria ilipiga marufuku tiba binafsi ya kibiashara; mwaka 1991 ikaruhusiwa tena. Mwaka 1993 serikali ilianza uchangiaji wa gharama hospitalini. Mwaka 1996 wilaya ya Igunga ilijaribu Mfuko wa Afya ya Jamii, kaya ikilipia mapema wakati wa mavuno ili itibiwe wakati wa njaa. Sheria yake ikaja 2001. Mfuko huo ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita vijijini ilikata kadi kwa shilingi 30,000 kwa mwaka na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Wakulima niliozungumza nao hawaipingi bima. Wanachouliza ni swali la mnunuzi yeyote: nikilipa mwaka mzima, nikifika dirishani dawa nitaikuta? Waliokata kadi na kuambiwa wakanunue nje hawakurudi mwaka wa pili, na mimi siwalaumu.

Usiku ndio mtihani. Zahanati ikifungwa jioni, tabibu na muuguzi wanaoishi jirani huamshwa kwa kugongewa dirisha. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu kijiji cha ng'ambo huletwa kwa bodaboda, na njia isipopitika kwa bodaboda huletwa kwa machela: miti miwili, blanketi, wanaume wanne wanabeba na wanne wanatembea kando kuwapokea. Wasambaa, wenyeji wa milima hii, wana nidhamu ya kazi hii. Kijana asiyejitokeza kubeba atakumbukwa siku nyumba yake ikiwa na mgonjwa. Jambo lililobadilika miaka hii ni simu. Mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022 baada ya kuanzia Kanda ya Ziwa, unampa mjamzito, mama aliyejifungua karibuni na mtoto mchanga namba ya bure ya dharura. Mhudumu wa upande wa pili anauliza dalili, anatafuta gari la wagonjwa, na lisipokuwapo karibu anampigia dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kupitia simu baada ya kumfikisha. Mwenye gari la Noah mmoja wa huku aliniambia kuwa safari hizo analala akizisubiri, maana abiria huyo halalamiki nauli.

Si kila ugonjwa huanzia zahanati. Mganga wa tiba asili naye yuko, mara nyingi ndiye wa kwanza, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inamtambua. Tanga ilitangulia kuwakutanisha: tangu miaka ya mwanzo ya 1990 kikundi cha Tanga AIDS Working Group kiliwaweka pamoja waganga wa jadi na madaktari wa hospitali kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, wakati dawa za kufubaza virusi hazijafika. Na kwa wagonjwa wa akili, wilaya hii ya Korogwe ina historia isiyo na mwenza Afrika Mashariki. Lutindi, katika milima hii hii, ilianzishwa mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa kuwa hospitali ya magonjwa ya akili, inayohudumiwa hadi leo na Kanisa la Kilutheri. Wagonjwa wake wanalima, wanachuma chai, wanafanya kazi za mikono. Nimeona kaka mtu akishauriwa na tabibu ampeleke mdogo wake huko badala ya kumfunga kamba nyumbani. Ushauri huo aliutoa taratibu, pembeni, nje ya chumba, ili benchi lisisikie.

Faragha, kwa hakika, ni shida kubwa ya zahanati ya kijiji ambayo hakuna anayeitaja kwenye mikutano. Binti anayetaka njia ya uzazi wa mpango anapita mbele ya shangazi yake, mwalimu wake na mama wa mchumba wake. Wapo wanaopanda gari kwenda Korogwe kwa jambo linalotibika hatua mia kutoka nyumbani, kisa mlango ule unaonekana na wote.

Lugha ya watumishi nayo ilikuwa mada ya mkoa huu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wagosi wa Kaya, vijana wa Tanga, walitoa wimbo wa Wauguzi uliowasema wahudumu wakali wa hospitali, na nchi nzima ikaucheka na kuukubali. Mzee mmoja kwenye benchi aliukumbuka. Akasema siku hizi lugha imepoa. Muuguzi aliyekuwa akipita akamjibu, mgosi wangu, na nyie wagonjwa mmepoa. Kibaraza kikacheka.

Lakini muuguzi huyo alikuwa akifanya kazi ya watu wanne. Ikama ya serikali ya 2014 ilitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Nyingi za vijijini zinaendeshwa na wawili au watatu, na mmoja akienda semina au uzazi, mlango mmoja unafungwa. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa 2007 ulioahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, serikali imejenga, na imejenga kweli. Tozo za miamala ya simu za 2021 peke yake zilielekezwa kwenye vituo 234 vya tarafa. Rangi mpya inapendeza. Mlimani, hata hivyo, majengo siyo yanayokimbia. Tabibu kijana huja bila mke, hupanga chumba kisicho na umeme wa uhakika, hutumia nauli kufuata mshahara mjini, na baada ya miaka miwili huandika barua ya uhamisho yenye sababu nzuri zote. Anapoondoka, anaondoka na kile ambacho hakikuandikwa kwenye daftari lolote: nani hapatani na nani, nani husema ameshameza dawa na hajameza, mjamzito gani alipoteza mtoto mara mbili na asiachwe ajifungulie nyumbani. Anayekuja anaanza sifuri.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa 137,294 kwa miaka mitano, waliochaguliwa na vitongoji vyao wenyewe. Huo ndio mpango ninaoutarajia kuliko majengo, kwa sababu mtu wa kitongoji haombi uhamisho. Ila atalipwa lini na kwa uhakika gani, hilo ndilo litakaloamua.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Dindira wanaweza kulidai bila kusubiri Dodoma. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi yenye wajumbe wa kijiji ndiyo inayopanga matumizi pamoja na mganga mfawidhi. Mwananchi ana haki ya kusomewa mapato na matumizi kwenye mkutano wa kijiji. Wanakamati wengi huitwa kupiga mihuri. Waanze kuuliza: dawa zipi ziliagizwa, zipi hazikuletwa, na nyumba ya mtumishi itaezekwa lini. Nyumba hiyo yenye vyumba viwili, tanki la maji na sola juu ya paa ingemweka tabibu mlimani kuliko hotuba yoyote ya uzalendo.

Na barabara iwekwe lami, angalau kwenye makona yanayojulikana na kila dereva. Hadi hapo itakapowekwa, mwenye mjamzito au mtoto mchanga nyumbani aiandike ukutani namba ya m-mama: 115. Haina malipo, na hupokelewa usiku na mchana.